Jini wa Maji ya Viazi

Jirani yangu Moza ndiye aliyeanza kusema kwamba Bi Bharti anafuga jini juu ya paa. Alinieleza tukiwa bombani uani kwetu, ndoo yake imeshajaa, inamwagika, na hana habari nayo.

"Jini wa kijani," akasema. "Anakunywa maji ya viazi."

"Umemwona?"

"Nimwone mimi nina kazi gani naye. Waliomwona ni mafundi wa dishi. Yuko kwenye diaba, katulia, anatoa vipovu. Na Bi Bharti anamsalimia. Anamwambia, umeamkaje leo mwanangu."

"Kwa Kihindi?"

"Kwa Kiswahili. Jini wa hapa Mchafukoge ataongea nini kingine?"

Salma wangu alikuwa mgongoni, akacheka, maana siku zile alikuwa anacheka kila kitu, hata feni. Mimi nilitaka kucheka pia ila nikajizuia, kwa sababu Moza ukimcheka anaongeza chumvi mpaka hadithi haifai tena. Nikafunga bomba, nikachukua beseni langu la nepi, nikapanda juu kuanika.

Jengo letu ni la zamani, ghorofa tatu. Mbele chini kuna duka la vifungo na nyuzi, nyuma yake karakana ya Bi Bharti ya krispi za viazi, na nyuma kabisa uani vipo vyumba vyetu sisi wapangaji wa chini. Kamba za kuanikia ziko juu kwenye paa la zege, kwa hiyo mwenye mtoto mchanga anapanda ngazi zile kuliko muadhini anavyopanda mnara. Nilipofungua mlango wa paa nikamkuta Bi Bharti mwenyewe. Sari ameichomeka kiunoni, miguuni kavaa mabuti ya mvua, mkononi ana mwiko mkubwa wa kupikia pilau ya harusi, anakoroga diaba la maji. Maji yale yalikuwa kijani kama mchicha uliosagwa.

"Shikamoo Bi Bharti."

"Marahaba. Msalimie na huyu."

"Nani?"

Akaonyesha diaba kwa kidevu.

"Nimwambie shikamoo au mambo?"

Akafikiri kidogo. "Mwambie mambo. Hata mwezi hajamaliza."

Nikasema mambo. Salma akachungulia juu ya bega langu, akatoa povu la mate, na diaba nalo likatoa kipovu kimoja, polepole. Bi Bharti akacheka mpaka akaushikilia mwiko kama mkongojo. Kicheko chake hakilingani na umbo lake. Ni mwanamke mfupi, mwembamba, anacheka kama lori la mchanga linashusha.

Alizaliwa Ilala, nyuma ya soko, baba yake alikuwa fundi wa cherehani. Ndiyo maana akigombana na wachuuzi anagombana kwa Kiswahili cha Ilala, hata mtu akifumba macho hawezi kujua ni mama wa Kihindi. Aliolewa hapa Mchafukoge na marehemu Umakant, aliyekuwa anauza miavuli. Sasa miavuli ina msimu. Kiangazi kizima Umakant alikuwa anakaa dukani akiangalia mbingu, na mkewe anamwangalia yeye. Siku moja Bi Bharti akakata viazi vyembamba kama karatasi, akakaanga, akatia pilipili na ndimu, akampa mumewe awape wateja ili wasiondoke mikono mitupu. Wateja wakarudi kesho yake. Hawakutaka miavuli.

Krispi ziliishi kuliko miavuli, zikaishi na kuliko Umakant. Mpaka leo nusu ya maduka ya Kariakoo yanayouza vitafunwa yanachukua kwake, na mdomo wa pakiti bado anaufunga kwa moto wa mshumaa ingawa mashine ya kufungia anayo. Anasema mashine haina mkono.

Shida ilikuwa maji. Viazi vikishamenywa na kukatwa lazima vioshwe, na maji yale yanatoka meupe, mazito, yana mapovu. Yalikuwa yanaingia kwenye mtaro wa uchochoroni, yanakaa. Siku ya kwanza hayana neno. Yakilala, mtaro unanuka kama soksi za timu nzima. Masika iliyopita ukafurika, maji yakaingia vyumbani kwetu, nikapandisha godoro juu ya matofali na tumbo langu la Salma liko mbele.

Ndipo mwenyekiti wa wapangaji, Mzee Abdulmajid wa ghorofa ya kwanza, alipoitisha kikao. Mzee Abdulmajid anauza mafuta mazuri na udi Kariakoo, biashara ya babu yake. Pua yake ndiyo riziki yake. Anaweza kunusa kitambaa akakwambia kimekaa sandukuni na nini. Mtu wa namna hiyo, halafu dirisha lake liko juu ya mtaro.

"Bi Bharti," alisema, "wewe na mimi ni majirani tangu enzi za marehemu. Mimi sikufukuzi. Viazi ndivyo vinavyokufukuza. Masika ijayo ikianza na mtaro bado unanuka, karakana itabidi ihame kwenye jengo."

Kuhama kwenyewe kuhamia wapi. Binti yake Kajal anaishi Upanga, ana sebule kubwa, kila wiki anamwambia mama yake aache viazi akapumzike. Bi Bharti akitaja sebule ile anashusha sauti kama anataja wodi.

"Ana kochi," aliniambia. "Jeupe. Nikikaa pale nitakufa mdomo wazi, tamthilia inaendelea."

Lakini ni Kajal huyohuyo aliyemleta jini. Alimwona mama yake hali chakula kwa mawazo, akakumbuka rafiki yake mmoja mfuga samaki kule Kigamboni, ana mabwawa ya maji ya kijani ambayo yanakula uchafu. Akaenda, akapewa chupa, akarudi nayo kwa kivuko mpaka Magogoni ameibana magotini. Abiria mmoja alimbembeleza amuuzie akidhani ni juisi ya parachichi.

"Ni mwani," Bi Bharti alinieleza siku ile ya kuanika nepi.

"Mwani si ule wa baharini, wanaoukausha Zanzibar?"

"Ule ni shangazi yake. Huyu ni mdogo, ukimtafuta mmojammoja humwoni, unaona rangi tu. Anakula uchafu wa viazi, anakula na jua, basi. Hana makuu. Nilikuwa na mume aliyesumbua zaidi wakati wa kula."

Chupa ya kwanza aliiua kwa usafi. Alimimina kwenye diaba pamoja na maji ya viazi, akafunika vizuri na mfuniko, akaweka na tofali juu, maana kwake chakula cha mtu hakikai wazi. Alipofunua, jini alikuwa mweupe na ananuka kuliko mtaro. Kajal akaenda Kigamboni tena. Mara ya pili Bi Bharti akaacha wazi, akatundika neti ya kupunguza jua la mchana, akawa anakoroga kila akipata nafasi. Maji ya viazi anayaacha kwanza yatulie chini karakanani, wanga unashuka, anauanika wa kutengenezea papadi, vile vikate vyembamba vya Kihindi. Maji ya juu ndiyo yanayopandishwa paani kwa ndoo na kamba. Jini akishakula akashiba, anaachwa bila kukorogwa, anatuama chini mzito kama uji, na maji yanayobaki juu yanateremshwa mtaroni yamekuwa mepesi, rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili.

Anayevuta kamba ni Fikirini, mtu wa mkokoteni anayemletea viazi kutoka sokoni. Mshahara wake wa kuvuta ni ule uji wa kijani, anapeleka kwake Ilala, anawapa bata.

"Bi Bharti," anaita toka uchochoroni, "bata wangu siku hizi wanatembea kama wamepokea mahari."

"Wazima?"

"Wazima wa nini, wana dharau. Na mayai, kiini chake kama embe dodo."

"Mambo ya mayai usiniletee," anajibu Bi Bharti, ambaye hajala yai wala nyama tangu azaliwe. "Niambie habari za bata."

Jini alipoongezeka na maji yakawa kijani madiaba yote, Bi Bharti alivunja nazi, akaweka kila diaba nukta nyekundu kwa kidole, kama wanavyofanya kwao kwenye gari jipya au duka jipya. "Gari linapewa nukta," alisema, "huyu anayenilindia karakana akose?" Nazi akaiacha palepale juu ya tofali, na ua la manjano.

Moza akapanda kuchungulia, akashuka mbiombio.

"Sasa ana jicho," akaniambia. "Jekundu."

Basi jengo zima likapatwa na kitu kama harusi. Watu ambao hawajawahi kupanda paani walipanda. Waliingiza kidole, wakanusa, wakashuka wakitangaza. Mwenye duka la vifungo alikuja na wateja wake. Hata mume wangu, ambaye akirudi kutoka kuuza mabegi Kariakoo hataki kusikia ngazi, alipanda, akasimama mbele ya diaba mikono nyuma kama amekwenda kuposa. Bi Bharti aliwapokea wote, kila mmoja akampa mwiko akoroge kidogo. Mzee Abdulmajid peke yake hakupanda. Alisema pua yake haiendi kwenye maonyesho. Itakwenda mara moja, ikienda imeenda.

"Ijumaa," akamwambia Bi Bharti ngazini. "Nikishaoga, kabla sijaenda msikitini. Pua yangu asubuhi ya Ijumaa haina mpinzani, na kwa vile ni mfungo haijachanganywa na chakula. Nitanusa, nitasema."

"Ijumaa," akasema Bi Bharti, na kwa furaha hakuangalia kalenda. Ijumaa ile ya Ramadhani ilikuwa ndiyo Holi, sikukuu yao ya kurushiana rangi, na kila mwaka huchezewa palepale paani.

Alipogundua hakuahirisha. Aliita watoto wote wa ghorofani, akawapanga mstari, akawaonya: poda mrushe, maji mrushe, kila mtu na rangi yake kwenye ndoo yake, lakini madiaba ni mwiko. Watoto wakaapa. Na kweli walishika.

Ambaye hakuonywa ni Bi Nirali. Huyu ni dada yake mkubwa marehemu Umakant, wifi yake Bi Bharti, anakaa Morogoro. Alishuka kwenye basi Alhamisi jioni bila taarifa, na begi, na mto wake mwenyewe. Mawifi hawa tangu siku ya harusi hawajakubaliana hata kipimo cha chumvi. Bi Bharti akahangaika kumtandikia, kumpikia chai isiyo na tangawizi kisha yenye tangawizi, na habari ya madiaba ikasahaulika.

Ijumaa asubuhi nilikuwa paani mapema, nimeanika mashuka na nepi kwenye kamba za pembeni nikiwahi kabla ya rangi. Watoto walikuwa wameshajaa, wamevaa nguo kuukuu nyeupe, wamekaa kimya kwa shida, wanasubiri mkubwa afungue mchezo. Bi Bharti alikuwa ameshachota maji ya juu, yale mepesi, ameshuka nayo chini kuyatia kwenye glasi yake nzuri ili ampelekee Mzee kwa sinia.

Bi Nirali akatokea mlangoni. Akaangaza macho. Utotoni kwao Morogoro rangi ilikuwa inachemshwa kwa maua kwenye pipa kubwa, pipa linavunjiwa nazi, linapakwa nukta nyekundu, halafu mkubwa kuliko wote anachota wa kwanza. Sasa yeye ndiye mkubwa kuliko wote. Na mbele yake kuna madiaba, maji ya kijani, nazi, ua, nukta. Nilimwona akitabasamu, kama mtu aliyekuta wifi yake walau kwa jambo moja kafuata mila.

Akachukua jagi. Akachota mpaka juu.

Mlango wa paa ukafunguka, akaingia Mzee Abdulmajid. Kanzu nyeupe ya Ijumaa imepigwa pasi mpaka inakata, kofia iliyoshonwa kwa mkono, na harufu ya asumini imetangulia mbele yake.

"Holi njema, ndugu yangu," akasema Bi Nirali kwa upole wote, akaiinua kofia yake, akammiminia jagi zima kichwani, taratibu, kama anabariki mtoto.

Watoto waliona mkubwa kachota kwenye diaba. Kwao ilimaanisha marufuku imeondolewa. Sijui nieleze vipi kilichofuata. Kila chombo kilichoweza kushika maji kilizamishwa: majagi, chupa, pampu za plastiki, kofia, kiatu. Kijani kikaruka, poda ya waridi ikaruka, ya manjano, ya zambarau, nikamkumbatia Salma nyuma ya shuka, na Salma anatoa kicheko ambacho hakijawahi kutoka, mpaka akashikwa na kwikwi. Madiaba yakapinduliwa ili yachotwe vizuri. Mto wa rangi zote ukakimbilia kwenye bomba la paa, ukashuka mtaani juu ya watu.

Hapo ndipo Bi Bharti alipofika na sinia lake, glasi katikati.

Alitazama diaba la kwanza, la pili, yote. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, sinia mapajani. Watoto wakaanza kushusha majagi mmoja mmoja.

Mzee Abdulmajid alikuwa bado amesimama palepale. Macho amefumba, mdomo ameubana, kijani kinachirizika ndevuni. Moza, ambaye alimfuata kwa nyuma asikose kitu, akaninong'oneza, "Kapandwa. Muone. Jini kapanda."

Mzee akanyoosha kidole kwenye mdomo wake, akatikisa kichwa. Nikaelewa. Alikuwa amefunga, anaogopa akifungua litaingia tone. Nilichokuwa nacho mkononi ni nepi ya akiba ya Salma, safi, kavu. Nikampa. Akaikubali kwa heshima, akafuta midomo, akafuta ndevu, akafungua macho, na kabla hajasema lolote akavuta hewa kwa pua.

Akavuta tena. Akanusa mkono wa kanzu wa kulia. Akanusa wa kushoto. Paa zima lilikuwa linamwangalia.

"Tango," akasema. "Tango limekatwa sasa hivi. Na nyasi kwa mbali." Akanusa kifuani. "Viazi sivioni."

"Kwa hiyo?" akauliza Bi Bharti, bila kuinuka.

"Kwa hiyo hayanuki. Nimepigwa nayo kichwani, nina haki ya kusema."

"Umenusa marehemu, Mzee. Hayupo tena. Kesho nakosha viazi, maji yatateremka mtaroni kama zamani."

Bi Nirali alikuwa ameshika jagi kifuani, anageuka huku na huku. "Nani marehemu?" akauliza. "Kwani ilikuwa nini ile?"

Wakamweleza watu watano kwa pamoja. Alipoelewa akaweka jagi chini, akasema kwa sauti ndogo kwamba nukta ilikuwepo. Yeye aliona nukta. Bi Bharti akasema ndiyo, wifi, nukta niliweka mimi.

"Mbegu tu," Bi Bharti akasema. "Nikipata kikombe kimoja cha mbegu, nitamkuza. Kajal alileta chupa tu, jini akajaa madiaba. Lakini yule mfuga samaki juzi kanisimulia kwenye simu, ameuza mabwawa, anahamia Mwanza."

Tukatazama sakafu, kijani kimechanganyika na poda. Tukatazama watoto, hivyohivyo, kila shati ni upinde wa mvua. Kisha sijui nani alianza, macho yote yakaenda kwa Mzee Abdulmajid. Yeye alimiminiwa wa kwanza, kabla poda haijaruka, na baadaye hakuna mtoto aliyethubutu kumgusa. Kanzu yake ilikuwa ya kijani kitupu, imelowa mpaka magotini.

"Mzee," akasema Bi Bharti, "nitakuomba kitu kibaya."

"Usiniombe."

"Kanzu."

"Bi Bharti. Leo Ijumaa."

"Jini aliyebaki ni huyo tu. Amekushika wewe."

"Nilisema," akasema Moza.

Mzee aliangalia mbingu. Upande wa Kigamboni kulikuwa na wingu limeinama, la masika kabisa. Akashusha pumzi, akaingia nyuma ya mashuka yangu, mimi nikatoka. Baada ya muda mkono ukatokea juu ya kamba, umeshika kanzu kwa vidole viwili.

Bi Bharti akashika upande mmoja, Bi Nirali akashika wa pili. Wakainyonga juu ya ndoo safi, huyu anazungusha kulia na yule anazungusha kushoto, kanzu haijinyongi.

"Wifi, zungusha kulia."

"Mimi nilianza kushoto."

"Na mimi nipo upande wa pili."

Bi Nirali akafikiri, akazungusha kulia. Kijani kikashuka chembamba ndani ya ndoo, kinang'aa. Watoto wakashangilia kwa kila tone kama wanahesabiwa magoli. Wakaimwagia maji mepesi ya kwenye glasi, wakanyonga tena. Bi Bharti akanusa ndoo, akasema huyu sasa ndiye jini pekee mjini anayenukia asumini.

Nyuma ya shuka sauti ikasema, "Nami nitaswali na nini?"

Bi Bharti akashuka mbio na mabuti yake, akarudi na kanzu fupi nyeupe ya marehemu Umakant, ile ya Kihindi yenye vifungo vya shanga, imekunjwa na karafuu ndani. Ilimfikia Mzee magotini. Chini alikuwa na msuli wake. Alipojitokeza hakuna aliyecheka, ila Bi Bharti alimtazama kidogo zaidi ya ilivyopasa, kisha akamnyoosha kola.

Fikirini alikuwa ndiyo anaingiza mkokoteni uchochoroni. "Mzee," akasema, "kanzu imekuwaje, imefunga na yenyewe?"

"Sogeza mkokoteni nipite," akasema Mzee Abdulmajid.

Alirudi baada ya swala, akasimama nasi uani. Alikuwa anajitahidi kukaza uso na uso unakataa. Msikitini watu wawili katika safu wamemuuliza amepaka nini leo, mmoja anataka kuagiza. Amewajibu ni viazi, wakadhani anaficha biashara.

"Pua imepitisha," akamwambia Bi Bharti. "Lakini mtaro haujapita. Mtaro unangoja jini awe jini, huyu wa kwenye ndoo bado ni fununu. Nakupa mpaka Idd. Akiwa amejaa madiaba, karakana inabaki na kikao sitaitisha tena. Kama hayupo, maneno ni yaleyale."

"Na kanzu nitakuoshea."

"Hiyo iache ilivyo. Yule anayetaka kuagiza atakuja kuinusa."

Jioni, watu wakiwa kwenye futari, Bi Bharti akaja chumbani kwangu. Alivua mabuti mlangoni, akaingia na ndoo ameikumbatia kwa mikono miwili, juu kaitandikia neti. Sijawahi kumwona akitembea polepole vile. Nikampa kaimati, akala moja amesimama.

Paani hakukaliki, akasema. Kila upepo ukipita unainua poda ya rangi, mpaka mvua ioshe. Chini karakanani hakuna mwanga. Kwake juu kuna Bi Nirali, ambaye anajuta sana, na kwa kujuta kwake ameshataka mara mbili kumtia jini maziwa na sukari apate nguvu.

"Amesema harudi Morogoro mpaka amwone mzima," akasema, akacheka kidogo, siyo kile kicheko cha lori.

Akaangalia dirisha langu. Linatazama macheo, jua la asubuhi linaingia mpaka kwenye mkeka wa Salma. Akaweka ndoo pale chini ya dirisha, akaisogeza kidogo, akaisogeza tena. Ndani maji yalikuwa kijani chepesi sana, ukitazama haraka unasema ni maji tu. Salma akatambaa, akashika ukingo wa ndoo, akachungulia. Bi Bharti akachuchumaa, akamshika mgongo asije akatumbukia, naye akachungulia. Wakakaa hivyo wawili.

"Mama Salma," akasema bila kugeuka, "huyu akifa, mimi nakwenda Upanga."

Nikasema najua.

"Naomba alale kwako mpaka Idd. Ukiamka kumnyonyesha mtoto, mkoroge na huyu, mara mbili tatu, polepole, kwa mkono utakaobaki."